Bawa la Kulia

Mzee Nurudin wa Pasiansi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuutibu: hakuweza kuona kitu kilichopauka akakiacha kilivyo.

Ugonjwa huo ndio uliomlisha miaka hamsini. Ulimwanza ujanani, kwenye studio ya picha mjini Mwanza, enzi za picha nyeusi na nyeupe, alipokuwa akiketi karibu na dirisha na brashi nyembamba kama kope, akiwatia watu rangi. Bwana harusi alipigwa picha na suti ya kuazima iliyochujuka, akaondoka na suti ya buluu. Marehemu aliyeacha picha moja tu duniani, ya kitambulisho, tena jicho moja limefumba kwa sababu ya mwanga, alifumbuliwa jicho na Nurudin. Wateja walimwambia, "Usiiguse sana, fundi, tuwekee fremu tu," naye aliitikia, "Sawa kabisa," kisha akaigusa. Waliporudi kuichukua walilia kwa furaha. Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia usiguse, hasikii katazo. Anasikia adabu tu, kama ya mgeni anayesema ameshiba kabla hajanawishwa mikono.

Studio ilikufa zamani, fundi hakufa. Alifungua kibanda cha fremu huko Pasiansi, kando ya barabara, kati ya duka la vifaa vya simu na cherehani ya mama mmoja aitwaye Selina. Hapo alitengeneza fremu za vyeti vya mahafali, za aya za Kurani, za Bikira Maria, za maharusi, na za marehemu ambao siku hizi huletwa wakiwa ndani ya simu. Mkewe Nasma alipofariki, miaka minne iliyopita, binti yao Mwanvua aliacha kuuza duka la watu akaja kukaa na baba yake. Akajifunza kukata kadibodi, kisha kioo, kisha, bila kufundishwa na mtu, kurudishia rangi picha zilizoliwa na unyevu. Baba mtu alimtazama akishika brashi, akaona kitu kilichomfurahisha na kumchoma kwa pamoja. Mkono wa binti haukutetemeka. Wake ulikuwa umeanza.

Kisha akaja Sista Odeta wa nyumba ya masista, na bahasha ya picha kumi na mbili za masista waliotangulia mbele ya haki. Alisalimia vizuri, akanywa maji, akasema kwa upole wake wote, "Hizi ningependa azifanye Mwanvua." Nurudin alicheka. Alisema ni jambo jema sana. Hata alimwita Ngosha, mwandika vibao, akamwambia aje amwandikie kibao kipya, NURUDIN NA BINTI, na kila aliyepita njiani akamsikia baba anayempenda mwanawe. Lakini neno la Sista lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa sato, na mwiba huo haumezeki kwa kucheka.

Ndani ya wiki hiyohiyo akaingia mwalimu Hellen kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, mama wa miaka hamsini hivi, anayefundisha baiolojia. Alikuwa amekumbatia boksi jembamba lililofungwa kwa kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alifungua kitenge juu ya meza ya kazi, akatoa picha nne za vipepeo, moja baada ya nyingine, kwa ncha za vidole. Karatasi yake ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Kuzunguka kila picha palikuwa na mbonyeo mwembamba ulioachwa na bamba la shaba lililoichapa, na chini yake majina ya Kilatini kwa herufi nyembamba mno. Nurudin alichukua lenzi yake akainama. Mistari ilichapwa, hilo aliliona mara moja. Rangi, hapana. Hapa njano ilivuka mstari kwa unywele mmoja. Pale nyekundu ilizidi kukolea mahali brashi ilipoinuliwa.

"Huyu ni mtu," alisema bila kuinua kichwa. "Huyu aliketi akapaka."

"Karibu miaka mia mbili sasa, mzee. Zilichapwa Ulaya, kisha kila moja ikatiwa rangi kwa mkono."

Nurudin alisisimka mwili mzima. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu, mahali fulani, miaka yote hiyo, aliyekula kwa kazi ileile yake.

Hellen akaeleza. Baba yake, marehemu Luhende, ujanani alimbebea wavu mtafiti mmoja wa kigeni aliyekuwa akikusanya vipepeo katika msitu wa Ukerewe. Siku ya kuondoka, yule mgeni alimwachia picha hizo nne kama shukrani. Sasa shule ilikuwa imejenga chumba cha vitabu na viumbe, imekipa jina la Luhende, na ufunguzi ulikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Picha zingetundikwa humo.

"Naomba fremu na kioo tu, mzee. Rangi zisiguswe hata kidogo. Na hii ya nne, ngoja nikueleze ilivyo, maana—"

"Mwanangu," Nurudin akamkatiza, "niachie mimi. Nimeanza kushika picha hujajua hata kuandika."

Hellen alitazama saa. Meli ya Nansio haimngojei mtu. Akashukuru, akaenda.

Hiyo ya nne ilikuwa na kipepeo mmoja tu, mkubwa kama kiganja, amefungua mabawa. Upande wa kushoto alikuwa buluu iliyokolea, na mshazari wa rangi ya chungwa uliompita kama utepe. Upande wa kulia alikuwa kahawia, rangi ya jani kavu la mgomba, na vidoa vidogo visivyo na maana yoyote machoni pa Nurudin. Ukingo wa kulia wa karatasi ulikuwa na alama ya maji. Fundi akaunganisha mambo: unyevu, jua la dirishani, moshi wa taa ya kibatari. Kipepeo wa watu alikuwa amefifia nusu.

Mwanvua aliinama pembeni yake. "Baba, hii kahawia haijapauka. Imepakwa. Tazama hivi vidoa, vina mpangilio."

"Umewahi kuona kipepeo aliyevaa nguo mbili tofauti?"

"Vipepeo siwajui. Ila mwalimu amesema tusiguse."

Hapo mwiba wa Sista ukamchoma tena. "Wewe nenda Buzuruga kachukue kioo," alisema, na hakuinua macho mpaka alipozisikia ndala za binti yake zikitoka.

Alichukua pamba, akailowesha kidogo, akaanza kusafisha bawa la kulia. Kahawia ikatoka. Ilitoka kirahisi, ikiwa rangi safi, laini, yenye wekundu kidogo ndani yake. Na hapa hakuna wa kumtetea, kwa sababu fundi wa miaka hamsini anajua moshi unavyotoka na anajua rangi inavyotoka. Aliitazama ile pamba kwa muda. Kisha akaichomeka kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, maana hakuwa na desturi ya kutupa pamba chini, akachukua nyingine.

Halafu akapaka. Tuseme ukweli, alipaka vizuri. Mkono haukumtetemeka hata mara moja mchana ule. Buluu ilikubali juu ya karatasi, mshazari wa chungwa ukapita pale ulipotakiwa kupita, na ulipokauka hakuna ambaye angeweza kusema upande gani ni wa Mzungu wa kale na upande gani ni wa Nurudin wa Pasiansi. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote za miaka kumi. Mwanvua aliporudi alisimama mlangoni na kioo chake kilichofungwa magazeti.

"Umeigusa," alisema.

"Nimeiponya."

Binti akaanza kukata kioo.

Hellen alirudi Jumamosi. Asubuhi hiyo, kabla ya kufunga fremu ya nne, Nurudin alishindwa kujizuia akaongeza buluu kidogo kwenye ncha ya bawa. Kisha akazipanga zote juu ya meza, akazifunika kwa kitambaa, akasimama kama anayesubiri kupigiwa makofi. Mwalimu alipoingia aliondoa kitambaa kwa mkono mmoja, kwa madaha, kama alivyowafanyia wajane na maharusi miaka yote.

Hellen alitabasamu kwa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa ya nne tabasamu likamkauka usoni. Aliinama, akaitazama kwa karibu, akainuka, akainama tena.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "upande wa kulia umekwenda wapi?"

"Si huo hapo, mwanangu. Ulikuwa umefifia."

Mwalimu aliweka kiganja chake juu ya kioo, akafunika nusu ya kulia. "Nikiwa mtoto, baba alikuwa ananikalisha mbele ya picha hii. Anaweka mkono hivi. Ananiambia, huyu anaruka." Akahamisha kiganja upande wa pili, akafunika buluu ya kushoto. "Kisha hivi. Ananiambia, huyu amekaa. Kipepeo akikaa anafunga mabawa, mzee, na upande wa chini siyo kama wa juu. Ni kahawia, ndege asimwone. Wachoraji wa zamani walichora hivi makusudi, nusu juu, nusu chini, ili uone yote kwa mara moja." Aliondoa mkono. "Sasa huyu hakai tena. Anaruka tu."

Nurudin aliona kila kitu kwa pamoja: vidoa vyenye mpangilio, rangi kwenye pamba, mwalimu akisema ngoja nikueleze. Aliona miaka hamsini ikisimama mbele ya mama mmoja wa Nansio bila nguo. Na badala ya kufungua mdomo aseme ni mimi, akaufungua aseme kitu kingine.

"Mwanvua!" alifoka, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Akanyoosha kidole. "Huyu! Huyu hapa! Jana Ijumaa nimekwenda msikitini kuswali, nimemwachia kazi, nimemwambia asiguse! Vijana wa siku hizi wakishajua kushika brashi wanadhani wamejua kila kitu!"

Cherehani ya Selina ilinyamaza.

Mwanvua alikuwa amesimama karibu na ukuta, kipimo mkononi. Alimtazama baba yake. Hellen naye alikitazama kile kidole kilichonyooshwa, akakitazama kwa muda, kisha akamtazama Mwanvua, na wanawake wale wawili wakabaki wakitazamana.

"Nisamehe, mwalimu," Mwanvua akasema. "Naomba radhi sana."

Hellen alifunga picha zake kwenye kitenge, moja moja, polepole. "Sawa," alisema. Hakuaga kwa jina la mtu.

Kuna aibu inayokupiga mara moja ikapita, na kuna inayohamia nyumbani kwako na kuanza kula nanyi. Ya Nurudin ilikuwa hiyo ya pili. Mchana ule Mwanvua alipika kama kawaida, akamwekea maji ya kunawa, akasema, "Baba, chakula." Hakununa. Hakutupa vyombo. Laiti angetupa hata sufuria moja! Baba angepata pa kuanzia, wangegombana, na katikati ya kelele neno lingeponyoka. Lakini binti alikuwa mpole kama jana na juzi, na kila tonge lilimwingia baba yake likiwa na kona.

Selina alikuja na pole. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni. "Pole, Mzee Nuru. Nilisikia. Watoto hawa hata uwafundishe vipi." Nurudin alisema, "Asante, mama." Akaipokea pole. Mwanvua alikuwa nyuma ya rafu, hatua tatu kutoka hapo, akipanga mbao.

Selina hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulikuwa na mwendo kuliko cherehani yake. Jumanne Sista Odeta akawa amefika.

"Siyo kwa ubaya, mwanangu," alimwambia Mwanvua, akiwa ameshika mikono yake yote miwili. "Ni kwamba za masista wetu hatuna nyingine. Zikiharibika hizi, ndiyo basi tena."

"Naelewa, Sista."

Picha tatu zilikuwa zimekwisha kurudishiwa rangi. Sista alizitazama, akasita, akasema zimependeza mno. Lakini alizirudisha zote kwenye bahasha. Nurudin alikuwa palepale, akigongelea fremu, na misumari mitatu mdomoni. Alikuwa na nafasi ya kuitema. Sista alichelewa, alitafuta pochi yake, alifunga bahasha kwa mpira, alimtakia kila mtu amani. Muda wote huo fundi aliiuma misumari na kuishukuru kwamba ipo. Sista alipotoka, aliitema kiganjani, akaona imelowa mate kama peremende, akajichukia.

Siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata Ngosha akaja na rangi zake kuandika kibao. Nurudin alikuwa nyuma ya kibanda akichukua udhu. Alisikia kila neno.

"Nianze? NURUDIN NA BINTI, si ndiyo?"

"Hapana," Mwanvua alisema. "Andika NURUDIN tu. Fremu za aina zote."

"Mbona mzee alisema—"

"Andika hivyo, kaka yangu. Ndivyo watu watakavyoingia."

Nurudin alikaa juu ya ndoo, mguu mmoja umelowa, udhu nusu. Palikuwa na mpera nyuma pale, na mapera yaliyooza chini yake, ambayo alikuwa akiyakanyaga na kuyalaani kila mwaka. Juu ya pera moja palikuwa na kipepeo. Alikuwa akinywa maji ya tunda, mabawa wazi, buluu inayong'aa. Kisha akayafunga, na hapakuwa na kipepeo tena. Palikuwa na pera bovu na jani kavu. Nurudin akasogea. Jani likafunguka, buluu, likajifunga, jani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Yote aliishi na vipepeo kando ya ziwa hili, na hakuwahi kumtazama hata mmoja akiwa amekaa. Mtoto wa Ukerewe alikuwa akilijua hilo kabla ya kuota meno ya pili.

Hakuswali. Aliona haya hata kusimama kwenye mkeka, baada ya kuutumia msikiti kuwa kificho cha uongo. Aliingia ndani, akalichukua kopo la mafuta ya mgando, akalifungua. Pamba zilikuwa zimekauka, na kahawia ilikuwa bado nzuri.

Kesho yake, Alhamisi, alimwambia binti yake anakwenda mjini. Alipanda meli ya asubuhi. Zaidi ya saa tatu za maji aliketi na kopo mapajani, akipanga maneno, na kila alipoyapanga aliyakuta yana kona ya kumpunguzia yeye mzigo: macho yangu siku hizi, mwalimu, mkono wangu, mwalimu, Sista alinikera, mwalimu. Alipoiona Nansio alikuwa ameyatupa yote, na hakuwa amebakiwa na kitu cha kusema ila jambo lenyewe.

Shuleni watu walikuwa wamekwisha kula wali wa sherehe, na wageni waliendelea na soda chini ya turubai. Nurudin aliulizia, akaonyeshwa chumba. Picha tatu zilikuwa ukutani. Palikuwa na msumari wa nne, mtupu. Fremu ya nne ilikuwa chini, uso umeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Hellen alikuwa peke yake humo, akirudisha vitabu kwenye rafu.

"Shikamoo," alisema, bila kushangaa.

Nurudin hakuitikia marahaba. Alifungua kopo, akaliweka mezani. "Hili ni bawa la baba yako," alisema. "Nililitoa mimi kwa pamba. Mwanvua alinikataza. Aliona kwamba imepakwa, akanionyesha, nikamtuma Buzuruga ili asinione. Msikitini nilikwenda na nikarudi, na wala hakuna aliyeigusa nilipokuwa huko. Ni mimi, mwalimu. Mimi, kisha nikamsingizia mwanangu."

Machozi yalimtoka, ya mtu mzima, mabaya, ya kukoroma. Hellen alitoa pamba moja kwenye kopo, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama rangi ile ambayo alikuwa ameizoea tangu utotoni.

"Nilijua, mzee," alisema.

"Ulijua?"

"Kidole ulichomnyooshea kilikuwa na buluu kwenye kucha. Mbichi."

Nurudin alitazama mkono wake, ingawa kucha zilikuwa safi siku nyingi. Akaurudisha mfukoni upesi, akagundua anauficha, akautoa.

"Mbona hukunisema palepale?"

"Nilitaka. Binti yako alinitazama. Alikuwa ananiomba kwa macho nisikuvue nguo mbele yake. Nikamwachia yeye uamuzi, maana aliyesingiziwa ni yeye." Hellen akarudisha pamba, akafunika kopo, akaliweka kwenye rafu ya juu, pamoja na vitabu. Kisha akaiinua ile fremu iliyogeuzwa, akampa. "Hapa sitaitundika. Watoto watajifunza uongo. Ichukue. Itundike mbele ya duka lako, pale wanapopita watu, na kila atakayeuliza umwambie. Umwambie kwa sauti ile uliyomfokea nayo. Itakaa hapo mpaka Mwanvua aseme inatosha. Akishasema, uniletee."

"Na wewe, mwalimu? Wewe utanisamehe lini?"

"Mimi nilikuwa na baba aliyenifunza kwa picha hiyo," Hellen alisema. "Usiniulize hilo leo."

Alirudi Ijumaa, kwa meli ya alfajiri, akafika Pasiansi kabla ya watu kwenda kuswali. Kibao kipya kilikuwa tayari juu ya mlango, NURUDIN peke yake, rangi nyekundu, kizuri, cha kumtia mtu kichefuchefu. Hakuingia ndani. Alichukua nyundo iliyokuwa kizingitini, akapiga msumari kwenye nguzo ya mbele, akamtundika kipepeo wake wa kuruka tu.

"Selina!" aliita. "Mama Selina, simamisha cherehani!"

Cherehani ikasimama. Wa duka la simu akachungulia. Waliokuwa njiani wakapunguza mwendo, kama watu wanavyopunguza mwendo mahali penye dalili ya ugomvi.

"Picha hii niliiharibu mimi! Mwanvua alinikataza! Mlinisikia nikisema ni yeye, nilisema uongo! Nilimsingizia mwanangu ili nisionekane mjinga, na pole yako, Selina, nilipokea pole ambayo haikuwa yangu!"

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Selina aliinamisha kichwa, akashika kitambaa chake, akashindwa kuona tundu la sindano. Mzee mmoja asiyejua mwanzo wala mwisho wa habari alisema, "Mungu atusamehe sote," akaendelea na safari yake.

Nurudin akaingia ndani. Mwanvua alikuwa ameinama juu ya kioo kikubwa, ameshika almasi ya kukatia, na hakuwa amekata. Alikuwa amesikia. Pasiansi yote ilikuwa imesikia.

"Mwalimu anasema nilikuwa na rangi kwenye kucha."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uliiona?"

"Niliiona kabla yake."

"Mbona ulinyamaza, mwanangu? Siku kumi na tatu! Sista amekuja mbele yako akachukua picha zake. Ngosha umemwambia asikuandike kwenye kibao. Mbona hukusema?"

Mwanvua aliweka almasi chini.

"Nilikuwa nakusubiri wewe, baba."

Nurudin hakupata pa kuweka macho. Alisimama katikati ya kibanda chake, katikati ya nyuso zote alizowahi kuzitia rangi, na hakuna hata moja aliyoweza kuitazama. Kisha akasema, "Mwalimu ameagiza itundikwe pale mbele. Itakaa mpaka wewe useme inatosha."

Binti aligeuka akaitazama picha kupitia mlangoni. Watu wawili walikuwa wameshasimama mbele yake, wakionyeshana mabawa kwa vidole, na mmoja alikuwa akichungulia ndani kutafuta wa kumuuliza. Mwanvua aliitazama buluu ya kushoto, akaitazama buluu ya kulia, bila haraka, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Basi itakaakaa kidogo," alisema. "Nenda ukawajibu wale. Halafu uje unishikie kioo upande huu."